Naombeni ushauri: binti yangu wa jimnastiki ameanza kukimbia chakula

Mama Kisasa:
Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka 16, anafanya jimnastiki kwenye kikundi kimoja hapa Dodoma mjini, na anaupenda mchezo kwelikweli. Tangu kocha aanze kuwapima uzito na kusoma kilo kwa sauti mbele ya wenzao, mtoto amebadilika. Mezani analamba mlenda kidogo, ugali anaumegamega tu, kisha anasema ameshiba. Namkuta mbele ya kioo cha kabati amebana tumbo. Juzi nimegundua siku zake hazionekani miezi kadhaa sasa. Eti wenzake pia wako hivyo, ndiyo mazoezi kukolea! Baba yake anataka aache. Mimi naogopa tukimwachisha ataumia zaidi. Nawasilisha.

Nesi wa Zamu:
Pole sana dada. Hedhi ikipotea miezi mitatu mfululizo, hiyo ni ya hospitali. Chakula kisipotosha kazi anayoifanya, mwili unasitisha mambo ya uzazi, homoni zinashuka, mifupa inadhoofika, na mfupa unaweza kupata ufa kwa kurukaruka tu. Humpata hata mwenye uzito wa kawaida, kwa hiyo usidanganywe na mizani. Daktari atapima na ujauzito, usikwazike, ni utaratibu. Kuhusu hofu yake ya mwili, Mirembe si mbali na hapo. Watu wanaitaja kwa kejeli, lakini ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Mzee wa Nkuhungu:
Mtoeni. Mchezo wa kubanwa nguo na kukaguliwa mwili haumfai mtoto wa kike.

Sarakasi Zamani:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Mavazi yana njia: kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, wasichana wa Ujerumani walishindana wamefunikwa hadi kwenye vifundo vya miguu, na kanuni zinaruhusu. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa fainali ya timu hukohuko kulinda akili na usalama wake, akarudi Paris 2024 akabeba dhahabu 3. Mama, nenda kwa kocha ukiwa na wazazi wenzio. Kupima hadharani kukome. Akigoma, hameni kikundi. Nyumbani nako, shangazi akija na "umenenepa, umependeza," mwombeni aache. Anasema kwa mapenzi, ila mtoto huyu atasikia hukumu.

Mama Kisasa:
Asanteni mno. Baba yake nimemsomea yote, amelainika. Jumatatu tunakwenda hospitali. Mama wawili wamekubali tuongozane kwa kocha, na mmoja kaniambia wa kwake naye siku zimekata. Mazoezi aendelee?

Nesi wa Zamu:
Kuruka na kupinduka asubiri daktari. Ila aende akakae na wenzake, asijione ametengwa. Kabla hajatoka mpikie uji wa karanga, mnywe wote wawili. Akiuacha, usimgombeze. Na yule mama mwingine mwambie aje na binti yake Jumatatu hiyohiyo.