Miaka ya Zitto Bungeni: iligeuza sera au ilijaza Hansard tu?

Chanikiwiti

Wakuu, tuweke ushabiki pembeni kidogo. Zitto Kabwe aliingia Bungeni 2005 kwa tiketi ya CHADEMA, Kigoma Kaskazini, akarudi 2015 kwa ACT-Wazalendo, Kigoma Mjini, hadi 2020. Kila ukigusa habari za upinzani utaambiwa huyu ndiye aliyeitendea haki Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Mimi nasema kelele zilikuwa nyingi, matokeo kiduchu. Nitajieni sera moja, ya ndani au ya nje, iliyogeuka kwa sababu yeye alisimama. Waziri kung'oka si sera. Na suala la mgodi wa Buzwagi msiniletee, hoja ilipigwa chini na mwenyewe akafungiwa.

Fungu la 58

Buzwagi naileta hiyohiyo. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi huo wa Kahama akiwa London, wakati Serikali imeshasema inapitia upya mikataba ya madini. Agosti mwaka huo Zitto akaleta hoja binafsi akitaka Kamati Teule ichunguze. Ikakataliwa, na Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008. Wengi husomea hapo na kufunga kitabu. Novemba 2007 Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta nzima, na Zitto, adhabu yake haijaisha, akateuliwa mjumbe. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya 2010, ikaizika ile ya 1998. Mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la thamani ya madini linalolipwa Serikalini, ukatoka asilimia 3 hadi 4.

Utasema asilimia moja ni nini. Angalia inatozwa juu ya kitu gani. Sheria ya 1998 ilitoza kwenye thamani inayobaki baada ya kutoa gharama kama za usafirishaji na usafishaji; ya 2010 inatoza thamani ghafi. Chukua mfano wa mzigo wa dola milioni 100, na gharama hizo tuzikadirie milioni 4. Zamani unatoza asilimia 3 ya 96, unapata dola milioni 2.88. Kwa sheria mpya ni asilimia 4 ya 100, yaani milioni 4. Hapo mapato yamepanda karibu asilimia 39, na mwekezaji hana tena mwanya wa kukuza gharama kwenye karatasi ili mrabaha upungue.

Chanikiwiti

Mkuu, unamvisha koti la Jaji Bomani. Kamati ile ilikuwa na wajumbe kadhaa, wakiwemo wabunge wa CCM. Na mageuzi yenyewe hasa ni ya 2017: mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 bila kuchangia mtaji. Hayo ni ya Magufuli, yalipita kwa hati ya dharura, na upinzani ndio uliokuwa unalalamika kwamba haraka ya nini.

Bi Mwongozo

Jamani, tukipima kwa "nani kasababisha" hatutatoka hapa hadi kesho. Ukitaka kujua mchango upi unauma, tazama umepita mlango gani.

Mlango mwepesi ni kuchangia hotuba ya Waziri. Una dakika 10, na muda ukibana Kiti kinaweza kukushushia hadi 5. Kengele ya kwanza inalia hujafika kwenye hoja, halafu upande wa pili anasimama mtu: "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Anakupa taarifa, unaulizwa unaipokea, unajibu huipokei, na dakika zimeshaliwa. Mwenye mambo matano ya kusema anabakiwa na mawili. Michango ya namna hii huishia kwenye rekodi na kwenye klipu, basi.

Mlango wa pili ni Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapopitisha bajeti fungu kwa fungu. Pale kwenye kasma (kifungu cha bajeti) ya mshahara wa Waziri mbunge anaomba ufafanuzi wa jambo moja la kisera. Jibu lisipomtosheleza anatoa shilingi, yaani hoja ya kupunguza mshahara huo kwa shilingi moja; wenzake wakimuunga mkono linajadiliwa na kuhojiwa. Kosa wanalolifanya wapya ni kusimama na mambo matatu. Waziri anajibu lile jepesi na shilingi inarudi mfukoni mwake. Kosa la pili ni kuchelewa. Guillotine ikishapigwa, yaani muda wa mjadala ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo bila ufafanuzi, na shilingi yako umebaki nayo mkononi.

Muswada binafsi? Ibara ya 99 ya Katiba inakufunga mikono: chochote kinachogusa kodi au fedha za Mfuko Mkuu, Bunge halikishughulikii mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo mpinzani anayetaka kubadili sera ya madini kwa muswada wake anagonga ukuta hata kabla ya kura.

Mlango mzito ni kamati za hesabu. Kwa utaratibu wetu uenyekiti wa kamati hizo hupewa upinzani, na hapo ndipo Zitto alipofanya kazi: kwanza Hesabu za Mashirika ya Umma kuanzia 2008, kisha PAC, Kamati ya Hesabu za Serikali, kuanzia 2013 zilipounganishwa.

Hesabu Kali

Bi Mwongozo kamaliza, naongezea nyama. Kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow haikuibuliwa na Zitto. Bungeni aliyeivalia njuga mapema ni David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, Kigoma Kusini. Kwa muda ilikuwa maneno dhidi ya maneno: huyu anasema fedha ni za umma, yule anasema ni za IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme. Kilichobadili mchezo ni kuipeleka kwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ripoti ikapita PAC, mashahidi wakahojiwa, Novemba 2014 mwenyekiti, Zitto, akasimama na karatasi iliyokaguliwa. Shilingi kama bilioni 306 zilikuwa zimewekwa kwenye akaunti Benki Kuu kwa sababu TANESCO na IPTL walikuwa wanabishania tozo ya uwezo wa mitambo. Swali likawa la kihasibu: zilipotolewa 2013, mgogoro wa hesabu ulikuwa umekwisha? Ukikata kauli kwamba haukuwa umekwisha, sehemu ya zile fedha ilikuwa ya TANESCO. Huhitaji kupaza sauti.

Maazimio yakapita usiku wa tarehe 29 Novemba. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba 16, Profesa Tibaijuka akaondolewa siku chache baadaye, Profesa Muhongo akaachia Januari 2015.

Chanikiwiti

Na Desemba mwaka huohuo wa 2015 Muhongo akarudishwa wizara ileile. Umeona? Sera iko wapi?

Hesabu Kali

Nakupa hiyo, hoja ni nzito. Azimio la Bunge ni ushauri kwa mamlaka ya uteuzi. Maneno ya azimio yalilegezwa ili pande zote zikubaliane, na azimio lililolegezwa halimzuii Rais ajaye.

Ila hata kushindwa kuna kipimo chake. Aprili 2012 Zitto alizungusha karatasi ya saini kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Ibara ya 53A inataka asilimia 20 ya wabunge wote, akapata zaidi ya 70, wakiwemo wa CCM. Kilichomwangusha ni kalenda: taarifa ya maandishi inatakiwa kwa Spika siku 14 kabla, na mkutano ulikuwa unaahirishwa. Kura haikupigwa. Mwanzoni mwa Mei mawaziri sita wakaachwa nje ya baraza. Karatasi isiyo na kura ilifanya kazi ya kura.

Mzee wa Gatini

Mbona mambo ya nje mmeyaruka? Huko ndiko alikuwa dhaifu, na nitasema kwa nini. Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Soma vizuri hayo maneno "kwa masharti yake". Mkataba wa Serikali na kampuni, kama wa Buzwagi, hauingii humo. Wa nchi na nchi ndio unaingia. Kwa hiyo mpinzani anangoja aletewe. Ukiletewa, unakubali wote au unakataa wote, huwezi kuchomeka jedwali la marekebisho kwenye mkataba ulioshasainiwa na dola nyingine.

Mfano ambao Bunge lilifanya kazi ni EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016. Sisi Novemba 8 Bunge likajadili na kugoma, pande zote mbili. Upinzani ulisikika kwa sababu Serikali nayo haikuutaka. Geuza mazingira uone: Novemba 2012 Zitto alileta hoja binafsi kuhusu fedha zilizofichwa Uswisi. Serikali haikuwa na hamu, Bunge likaishia kuiachia Serikali hiyohiyo ichunguze. Hapo hoja ikalala.

Na Januari 2020 aliruka Bunge kabisa, akaiandikia Benki ya Dunia isitoe mkopo wa elimu wa dola milioni 500 kwa sababu wasichana waliopata ujauzito walikuwa hawarudishwi shuleni. Bungeni alishambuliwa kama msaliti. Mkopo ukaidhinishwa Machi 31. Zuio lenyewe liliondolewa Novemba 2021, yeye hayupo tena mjengoni.

Chanikiwiti

Sasa tunaelewana. Na lile la shilingi trilioni 1.5 la 2018? Pale alichemka.

Hesabu Kali

Nusu. Alichukua mapato ya 2016/17 kwenye ripoti ya CAG, akatoa matumizi, akauliza tofauti iko wapi. Swali halali. Serikali ilijibu kwamba ndani yake mna dhamana zilizoiva, mapato ya Zanzibar, na mapato yaliyoandikwa kwa mfumo wa akruo, yaani yamehesabiwa kabla fedha haijaingia. Kasoro ya Zitto ni kwamba alilitoa hadharani kabla halijapita kwenye kamati, na safari hii hakuwa mwenyekiti wa PAC. Kwenye meza ya kamati Hazina wangeletewa jedwali la usuluhisho wa hesabu walijaze mstari kwa mstari. Hadharani wanajibu kwa hotuba.

Fungu la 58

Nirudi kwa Chanikiwiti na 2017 yake. Moja ya sheria zile inataka mikataba ya rasilimali iwasilishwe Bungeni ndani ya siku 6 za vikao vinavyofuata, na Bunge likiona masharti hasi liitake Serikali ijadiliane upya. Kilio cha 2007 kilikuwa nini kama si mkataba kusainiwa gizani? Sidai aliandika yeye. Nasema iliyoingia kwenye sheria ni hoja iliyomfungia.

Chanikiwiti

Hoja nakubali. Mikataba mingapi imekataliwa kwa kifungu hicho?

Bi Mwongozo

Swali zuri, na jibu lake lina uhusiano na idadi ya viti vya upinzani. Makubaliano ya bandari na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022, yakaridhiwa Juni 10, 2023. Kambi rasmi ya upinzani haikuwepo, maana baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufika asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa. PAC iliongozwa na Naghenjwa Kaboyoka, mmoja wa wale wabunge 19 wa viti maalumu ambao CHADEMA ilisema imewavua uanachama. Mabishano makali ya mkataba ule yalifanyika mitandaoni, makanisani na Mahakama Kuu Mbeya. Ukitafuta kwenye Hansard ya siku ile nani alitoa hotuba ya Kambi ya Upinzani, hutaipata.