Vifo vya ovadozi: wenzetu wana ramani wilaya kwa wilaya, sie tuna nini?

MwanaNgambo79
Asalam alaykum jamani, nina suali, naomba anaejua anijibu bila ya matusi. Mtoto wa ami yangu anaishi Marekani, juzi kanitumia ramani ya vifo vya ovadozi, yaani watu waliozidisha dawa za kulevya, ya jimbo la West Virginia, rangi nzito kule wanakokufa sana, nyepesi kwenye afadhali, na pembeni wanaume wangapi wanawake wangapi wa umri gani. Nikenda tazama idadi ya watu, kumbe jimbo zima lina watu kama milioni 1.8, yaani ni sie hasa, maana sensa ya 2022 Zanzibar tulikuwa 1,889,773. Na mwaka 2021 peke yake walikufa karibu 1,500! Sasa ramani kama ile kwetu ipo? Nauliza kwa sababu mwezi uliopita tumezika kijana mtaani, kakutwa asubuhi kaegemea ukuta, kikombe cha chai mbele yake hakijaguswa, baada ya sala ya adhuhuri tukamzika. Mtaa mzima unajua ni unga lakini msibani ikasemwa presha. Miaka 24, presha.

barza_ya_jioni
Waalaykum salaam. Kwanza hesabu ya vichwa itakudanganya bwana. Mtu akikwambia nusu ya vifo vya unga viko Mjini Magharibi bado hajakwambia kitu, kwani karibu nusu ya Wazanzibari wanaishi hukohuko, 893,169. Kusini Unguja wako 195,873 tu. Tuseme, mfano tu huu, Mjini wafe 45 na Kusini wafe 10, kila mtu atalia na Mjini, lakini ukigawa kwa kila watu laki moja ngoma droo, watano na watano. West Virginia kwa hesabu hiyo mwaka ule ilikuwa kama 90 kwa laki, Marekani nzima kama 32. California walikufa wengi zaidi kwa idadi na wala hawakuwa juu ya orodha.

Halafu chanzo sio kimoja. Kule wachimba makaa ya mawe migongo imekwisha, madaktari wakawaandikia vidonge vya maumivu, vidonge vilipobanwa watu wakahamia heroini, ikaja fentanili, dawa ya maumivu ya kutengenezwa maabara, ambayo nguvu yake kama mara 50 ya heroini, ndo ikafagia. Na zamani ilisemwa ni balaa la wazungu wa mashamba, siku hizi kwa kila laki moja Wamarekani wa asili na weusi wanakufa zaidi kuliko wazungu. Sie unga unatujia na majahazi kutoka pwani ya Makran, kule Irani na Pakistani, na wengi wameanzia maskani kwenye kokteli, yaani sigara ya bangi iliotiwa unga, sio kwa daktari.

nimetoka_salama
Mie nlikuwa teja miaka 9, sasa nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja, hapo ipo tangu 2015. Nisamehe barza lakini ramani ya mikoa haitokwambia nani anakufa. Uliza alikuwa wapi wiki iliopita. Mtu kakaa sobahausi, nyumba ya kuachia unga, miezi minne msafi, mwili ushasahau, anatoka anarudi maskani na kipimo chake kilekile cha zamani, kete moja aliyokuwa haimshtui leo inamuua. Wa chuo cha mafunzo, yaani jela, vilevile. Wenzangu watatu nliowazika wote hawajamaliza mwezi tangu watoke, na wawili walikuwa na watu pembeni, watu wakakimbia kwa khofu ya polisi. Wa tatu walimmwagia ndoo ya maji wakamtia maziwa mdomoni, mtu hapumui wewe unamtia maziwa!!

binti_wa_Wete
Huku Pemba yakhe ukitazama karatasi hakuna teja aliyekufa hata mmoja 😅 wote homa, presha, kaanguka. Maiti hatutaki apasuliwe, tunazika siku hiyohiyo, na sheha, mkuu wetu wa mtaa, haulizi kafa kwa nini anauliza kaburi lishachimbwa. Sasa huyo wa kuchora ramani atachora nini? Na mtoto wa kike ndo kabisa, mie namjua mmoja mpaka leo kwao wanasema alikuwa na pumu. Silaumu, ana wadogo zake hawajaolewa.

muuguzi_mstaafu
Alosema nimetoka_salama ndio hasa. Naongeza hili. Mtu alozidisha unga hafi ghafla kama taa, pumzi inapungua polepole, midomo inakuwa rangi ya samawati, na anakoroma mkoromo mzito wa kubanwa, ukimwita ukimfinya haamki. Mlazeni ubavu, msimpe chochote mdomoni, kama hapumui kabisa mpulizieni pumzi, na mkimbizeni hospitali. Dawa yake ni naloksoni, inarudisha pumzi dakika chache tu, lakini inafanya kazi kama dakika 30 hadi 90 na unga bado umo mwilini, kwa hiyo hata akiamka anakutukaneni kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, msimwachie aondoke, anaweza kuzima tena. Marekani waliruhusu iuzwe bila ya cheti cha daktari 2023, na vifo vilivyokuwa karibu 108,000 mwaka 2022 vikashuka mpaka kama 80,000 mwaka 2024, ingawa wataalamu bado wanabishana kipi hasa kilichoshusha.

MwanaNgambo79
Ahsanteni nyote. Jana baada ya kusoma haya nilipita kwa mamake yule kijana nikamuuliza taratibu. Katoka sobahausi Ijumaa, kafa kuamkia Jumatatu. Usiku ule alimsikia anakoroma ukumbini, akasema alhamdulillahi leo mwanangu kalala.