Valvu ya chini ya bahari: ya kuchomelea, ya flenji, au ya kufunguliwa juu? (Tanga)

Mchoraji_Chumbageni
Wadau, habari za jioni. Tunachora bomba la dizeli na petroli litakalotoka kwenye boya la kushushia mafuta hadi nchi kavu, huku kwetu Tanga. Ni bomba la inchi 12, na valvu ya kufungia itakaa kwenye kina cha mita 18 hivi. Ofisini tumegawanyika. Wapo wanaotaka valvu ya tufe (tufe lenye tundu, linalozungushwa kufungua na kufunga) iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bomba. Wengine wanataka ya flenji, yaani sahani za chuma zinazofungwa kwa bolti, pande zote mbili. Mwenzetu mmoja anaipigania ile ya kufunguliwa juu, ambayo mwili wake haung'oki: unavua kifuniko, unatoa tufe na viti vyake (pete ambazo tufe linabana ili kuziba), unaweka vipya. Bei za kununulia ninazo. Nisichokipata kwenye katalogi ni kazi ya kuitoa baada ya miaka 10, ikiwa imeshaota chaza mwili mzima.

Mzamiaji_Mwambani
Mkuu, ya kuchomelea ina sifa moja kubwa: haina gasketi, kwa hiyo hakuna pa kuvujia kwenye maungio. Pale ambapo hakuna anayetarajia kuigusa tena, ni chaguo la haki. Lakini wewe umeuliza kuibadilisha. Hapo itabidi bomba likatwe kwa msumeno chini ya maji, kisha ama ushushe chumba kikavu cha kuchomelea, ama ufunge viunganishi vya kubana. Meli ya kazi hiyo hutaikuta imefunga Tanga inakusubiri.

Halafu hesabu muda wa mzamiaji. Kwa hewa ya kawaida, mita 18 zinakupa kama saa moja chini kabla hujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo unakusukuma huku umeshika spana. Kazi ya bolti hupangwa siku za maji mafu, mkondo ukiwa umepungua, tena nje ya kusi iliyokolea. Masika nayo, Zigi na Mkulumuzi zikishusha tope, unafanya kazi kwa kupapasa. Mchoro wowote unaomtaka mzamiaji aone vizuri ni mchoro mbovu kwa ghuba hii.

Binti_Raskazone
Mimi nipo upande wa ile ya kufunguliwa juu, na nitaitetea. Kinachochakaa ndani ya valvu ni viti, sili na shina. Mwili wa chuma, ukiwa na anodi za kutosha (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya chuma), unadumu kama bomba lenyewe. Kwa nini ninyanyue chuma kizito chote wakati kilichokufa ni pete ya kiti? Pia bomba halisogezwi, kwa hiyo hakuna kuhangaika kulinganisha matundu ya bolti.

Mzamiaji_Mwambani
Dada, juu ya gati nakubaliana nawe kwa kila neno. Chini ya maji, ukivua kile kifuniko bahari inaingia na mchanga wake. Sehemu ya kiti imenolewa iwe laini kabisa, na mkwaruzo mmoja unatosha kuifanya ivuje. Huwezi kuifuta kwa kitambaa ukaikagua kwa macho kama uko karakana. Nimewahi kushuka kwenye valvu ya aina hiyo. Kufungua kulikwenda vizuri, ila kupata uhakika kwamba kiti kipya kimekaa safi ndiko kulikotutesa. Ya flenji inapandishwa nzima, na inayoshuka imeshapimwa shinikizo nchi kavu. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko uzito.

Fundi_Ngamiani
Nawaunga mkono wa flenji, lakini flenji peke yake haitoshi. Bomba lililokaa miaka mingi lina mkazo wake. Ukilegeza bolti ya mwisho, ncha zinasogea: ama zinaibana valvu isitoke, ama zinaachana mpya isifike. Weka kipande kifupi cha bomba chenye flenji zake kando ya valvu. Unatoa hicho kwanza, unapata nafasi, kisha valvu inatoka bila kulazimishwa. Upande mmoja wa kila ungio tumia flenji ya pete inayozunguka, ili mzamiaji aizungushe mpaka matundu yakutane.

Inchi 12 ya daraja la shinikizo la 300 ina bolti 16 kwa flenji. Uking'oa valvu na kile kipande, ni maungio matatu, bolti 48. Kwa hiyo usizinyime nafasi: acha urefu wa kutosha nyuma ya nati kwa mashine ya haidroliki ya kuvuta bolti. Na usichague bolti ngumu kupita kiasi. Kinga ya anodi huzalisha haidrojeni kwenye chuma, na bolti ngumu sana hupasuka bila kutoa dalili.

Mzee_wa_Gati
Wanangu, mnabishana valvu itokeje na hakuna aliyeuliza mafuta yatakuwa wapi siku hiyo. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, bomba lisafishwe kwa pigi, kizibo kinachopita ndani ya bomba kikisukumwa na maji. Ndiyo maana tundu la tufe lazima lilingane na tundu la bomba. Valvu ya kipepeo hapo haifai, kile kisahani chake kinaizuia pigi. Halafu pawe na valvu ya pili upande wa nchi kavu, na kitundu cha kupima kati ya valvu hizo mbili kuthibitisha kwamba zimeziba. Kusini kidogo ya mji tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Dizeli ikimwagika siku ya matengenezo, mvuvi wa Mwambani atakuwa wa kwanza kuilipia.

Na swali langu la msingi: kwa nini iwe chini? Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na meli zitapakia kwenye gati refu la karibu kilomita 2. Huko valvu zinakaa juu ya maji, fundi anazifikia kwa miguu. Kila valvu mnayoweza kuihamishia nchi kavu, ihamisheni.

Binti_Raskazone
Shikamoo mzee. Hilo la kuhamisha nalikubali, na ndipo ile yangu ya kufunguliwa juu inapopata mahali: iwe hiyo valvu ya pili ya nchi kavu. Ya chini iwe ya flenji.

Mzee_wa_Gati
Marahaba mwanangu. Hapo umepanga vizuri.

Mchoraji_Chumbageni
Nashukuruni sana. Hoja ya mchanga kwenye kiti sikuwa nimeisikia kwa yeyote ofisini, na inatosha kunihamisha. Kesho napeleka mchoro wa flenji wenye kipande cha kutoa. Swali la mwisho kwa Mzamiaji: kishikio cha kuzungushia kielekee wapi, na kunyanyua ni kreni au mifuko ya hewa?

Mzamiaji_Mwambani
Kielekee juu, au ubavuni kwa mwinuko wa kifua cha mtu aliyepiga magoti, kisigeuzwe kamwe kwenye mchanga. Alama ya wazi na funga iwe ya kuchongwa kwa kina ili isomeke kwa vidole. Sehemu ya kushika weka ya kipimo cha kawaida cha roboti, hata kama leo mnatumia watu. Kunyanyua ni kreni. Maji yanakupunguzia kama asilimia 13 tu ya uzito wa chuma. Mfuko wa hewa ufungwe kwa kusogeza valvu pembeni, sio kuipandisha: hewa inayojaza mfuko kwenye mita 20 inatanuka mara tatu ikifika juu, na mzigo unaruka bila mtu kuushika. Masikio ya kunyanyulia yachomelewe kiwandani kabla ya kipimo cha shinikizo, yakae sawa na kitovu cha uzito, la sivyo valvu itapinda kichwa na kukwama kwenye bolti.