Kaa koko wanatoboa kingo za bwawa, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nanenepesha kaa koko huku Tanga, kwenye bwawa la udongo nyuma ya mikoko. Maji mapya yanaingia wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Tatizo ni kingo. Kaa wanachimba mashimo ya mshazari, mdomo mpana na bapa, halafu wanatokea upande wa pili. Wavu wa nailoni wanaukata kwa magando kama uzi. Kuwarundika kwenye tenga moja nako ni hasara: akijivua gamba tu, wenzake wanamla. Mnaofuga Kilifi au Pemba, wavu wa kuzunguka kingo mnauzamisha ardhini kina gani? Au nihamie vizimba, kila kaa na chumba chake? Fito za mikoko msinishauri, kukata bila kibali ni kosa. Mianzi ninayo.