Mshtarii inaonekana duara la kijivu lenye doa jeusi

Swali: Wakuu, habari za jioni. Nina darubini ya kioo cha mm 130, umbali wa fokasi mm 650, na lenzi za jicho mbili: mm 25 na mm 10. Nikilenga Mshtarii naona duara kubwa la kijivu, katikati doa jeusi. Kioo kimeharibika?

Jibu 1: Kioo ni kizima. Hilo doa ni kivuli cha kile kioo kidogo cha ndani, nacho huonekana fokasi isipokaa sawa. Anza na mm 25 (650 ÷ 25, yaani ukuzaji wa mara 26). Zungusha kirungu cha fokasi polepole. Duara likipanuka, rudi upande wa pili mpaka lisinyae kabisa. Ndipo uweke mm 10, mara 65. Utaona mikanda miwili ya kahawia na miezi mikubwa, hadi minne, imejipanga kama shanga.

Jibu 2: Kitafutio (kile kidarubini kidogo cha kulengea) kilinganishe mchana kwa ncha ya mnara wa simu ulio mbali. Tafadhali sana, kamwe usielekeze darubini kwenye jua: jicho linapofuka papo hapo.

Jibu 3: Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama, kioo kipoe. Epuka sakafu ya saruji na kutazama juu ya mabati yaliyopigwa jua kutwa; joto linalopanda hufanya sayari icheze kama iko chini ya maji. Kwenye majani ni bora zaidi.

Muulizaji: Asanteni. Na Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara mbili?

Jibu 1: Itakupa mara 130 kwa mm 10. Inafaa hewa ikitulia, maana mtikisiko nao hukuzwa.