Delhi kwenda Agra na kurudi siku moja: gari binafsi na muongozaji, treni au basi la kikundi?

mwana_wa_mwisho
Wakuu habari za saa hizi. Niko Delhi na bi mkubwa, tulikuja kwa matibabu ya macho, namshukuru Mungu kazi imekwisha salama, daktari kamruhusu kutembea ila avae miwani na asiingiwe na vumbi. Ndege yetu ni Jumamosi usiku na mama toka tufike wimbo wake ni mmoja tu, "yaani nirudi nyumbani nimefika India na ile nyumba nyeupe sijaiona?" Kesho Jumatano ana kliniki ya mwisho kwa hiyo nimepanga Ijumaa.

Njia ziko tatu. Kuna gari binafsi, dereva na muongozaji wote wanatoka hapa Delhi, wanatuchukua hotelini saa 9 usiku tuwahi jua likichomoza Taj Mahal, halafu ngome ya Agra, chakula, tunarudi. Kuna treni tukajitafutie wenyewe mbele kwa mbele. Na kuna basi la kikundi ambalo ni rahisi kuliko zote. Mama ana miaka 67 na magoti yake ni yale ya kupanda ngazi huku anahesabu. Waliokwenda naombeni ushauri, jamaa wa gari anataka advansi leo.

Kigoda3
Ijumaa?? Usilipe hata rupia moja. Taj Mahal Ijumaa inafungwa kwa watalii, siku hiyo ni ya sala tu na wanaoingia kuswali ni wenyeji wa Agra. Na huyo jamaa anajua fika.

mwana_wa_mwisho
Subiri kwanza, mkuu uko siriasi? Nimemtajia tarehe mara mbili akasema "no problem madam".

Kigoda3
Siriasi kabisa. Atakupeleka Mehtab Bagh, bustani iko ng'ambo ya mto Yamuna, utaiona kwa mbali unapiga picha, akikuona umenuna anakuongezea duka la vinyago. Hamisha iwe Alhamisi.

Fundi Redio
Nimesoma Delhi miaka minne na kila mgeni aliyenitembelea nimempeleka Agra, nimeshachoka hata kuiangalia hiyo nyumba lol. Njia zote tatu nimezipanda kwa hiyo ngoja niandike kwa urefu kidogo.

Gari. Toka katikati ya Delhi ni kama kilomita 230, sehemu kubwa ni ile Yamuna Expressway ya kilomita 165 iliyofunguliwa 2012, imenyooka kama rula, kama huna foleni ni masaa matatu na nusu hivi, ukipata foleni ya kutokea mjini hesabu nne. Raha ya gari ni kwamba bei ni ya gari zima, haihesabiwi kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili inauma, mkiwa wanne mnacheka. Na raha ya pili ambayo watu hawaisemi ni kwamba mgonjwa akitaka kulala analala, akitaka choo mnasimama kwenye vituo vya njiani vina vyoo safi na chai, hakuna mtu wa kumkimbiza.

Lakini sasa hivi ni Januari mdogo wangu. Hiyo habari ya saa 9 usiku uwahi jua isahau kabisa. Ukungu wa huku wiki hizi siyo ule wa kupendeza kwenye picha, dereva haoni bonet yake, kila msimu wa baridi kwenye ile barabara magari yanagongana kwa mkupuo, ndiyo maana msimu huu huwa wanashusha spidi chini ya ile 100 ya kawaida. Halafu ukifika hiyo saa 12 na nusu asubuhi unalipa kiingilio kuangalia pazia jeupe, nimesimama pale na shemeji yangu tukiwa kwenye ile benchi ya marumaru maarufu, mbele yetu hakuna Taj hakuna minara, kuna sauti za Wachina tu. Ilijitokeza saa 4 kasoro, ikaanza kuonekana kuba, chini bado hakuna kitu, kama imening'inizwa. Ondokeni kukiwa kumepambazuka, mfike saa 5 saa 6 ukungu umeshakatika, baridi imepungua. Watu ni wengi muda huo, ndiyo, ila mtaona kitu.

Basi sitaki hata kuliongelea kwa mtu wa magoti.

wanjiku_wa_mtaa
Mimi wacha niliongelee basi sababu niliingia. Bei ni poa sana hiyo sikatai. Lakini lilitupitisha hoteli kama sita kuchukua watu, then tukasimama kwa breakfast mahali sikuitisha, Agra tukafika tumechoka, Taj tukapewa saa moja na nusu, guide mmoja watu arobaini na anaongea Kihindi dakika kumi halafu anatupea Kiingereza ya sekunde thelathini. Kurudi wakatupitisha Mathura kwa mahekalu, maze nilikuwa nimelala kwa basi sikushuka. Delhi tulifika saa sita usiku. Kama ni wewe na mabeshte sawa. Na mum usijaribu.

mpenda_reli
Naona watu wanaikwepa treni kama haipo. Gatimaan Express inatoka kituo cha Hazrat Nizamuddin saa 2 na dakika kumi hivi asubuhi, inakimbia mpaka 160 kwa saa, dakika 100 uko stesheni ya Agra Cantt, na chai na chakula wanakuletea kwenye kiti. Jioni inageuza karibu saa 12, saa 1 na nusu usiku hivi uko Delhi. Hakuna gari litakupa hiyo. Pale stesheni unakodi teksi ya siku nzima yenye dereva, kuna kaunta ya malipo ya kabla. Muongozaji unamchukua mwenye kitambulisho cha Wizara ya Utalii, awe nacho shingoni, siyo anayekwambia amekisahau nyumbani. Kwa pesa unaokoa vizuri tu. Nayo haitembei Ijumaa, hilo lenyewe lingekuambia kitu.

Fundi Redio
Mpenda reli hiyo treni kwa miezi kumi ya mwaka nakuunga mkono mikono miwili. Januari ukungu hauchagui, treni za asubuhi zinachelewa, na ukichelewa asubuhi muda wa Agra unakatwa maana ya jioni haikungoji. Na kituo cha Nizamuddin kina madaraja ya kupanda na kushuka, wapagazi, umati... bi mkubwa mwenye magoti hapana. Angekuwa peke yake huyu binti ningemwambia treni bila kufikiri.

mpenda_reli
Kwa mama nakubali. Ila wengine mnaosoma msiache treni.

bibi_harusi_wa_zamani
Mwanangu mimi nilichukua gari mwaka juzi na mume wangu, ngoja nikwambie yanayoumiza ili uulize KABLA ya kulipa, tena kwa maandishi kwenye WhatsApp siyo kwa simu. Tozo za barabara ziko ndani au nje? Maegesho? Ile kodi ya kuingia jimbo la Uttar Pradesh, maana Agra siyo Delhi, ni jimbo lingine na teksi ikivuka mpaka inalipia. Sisi tuliambiwa "kila kitu kipo" tukafika mpakani dereva anageuka nyuma anatuangalia kama sisi ndiyo wenye teksi. Tukalipa, tufanyeje.

Viingilio ndiyo kabisa, "kila kitu" ya kwao mara nyingi haina kiingilio. Taj mgeni ni rupia 1100, na ukitaka kupanda juu kwenye kaburi lenyewe unaongeza 200. Watoto chini ya miaka 15 bure. Kateni onlaini usiku kabla, pasipoti mbebe. Tiketi ni ya saa tatu toka mnapoingia, msije mkajisahau na picha.

Na la mwisho, yule muongozaji wetu alitembea na sisi mule ndani dakika 40, kwenye duka la marumaru tukakaa saa nzima na robo. Saa nzima na robo! Tunaonyeshwa mzee anasaga kijiwe kwa gurudumu la mkono, kweli kazi yao ni nzuri sijakataa, kisha mlango unafungwa chai inaletwa na bei zinaanza. Mume wangu akanunua sahani. Iko kabatini hadi leo hatujalia chochote.

Kigoda3
Hahahaaa sahani ya kamisheni. Mwambie mapema kabisa, "hatuendi dukani, bakshishi yako utaikuta mwisho". Akinuna mwanzoni ni afadhali kuliko akinuna saa 8 mchana.

mwana_wa_mwisho
Asanteni sana, nimemwambia yule jamaa kuhusu Ijumaa akasema "oh sorry madam Friday closed", hata aibu hana. Nimemwacha. Maswali mawili. Muongozaji nimchukue huku Delhi akae nasi kwenye gari siku nzima au tukamkute Agra? Na mama atatembea kiasi gani?

Fundi Redio
Mkamkute Agra. Wa Delhi mnambeba masaa manne kwenda masaa manne kurudi, anakula kwenu, na kiti cha mbele anakikalia yeye. Hoteli ikutafutie gari na dereva tu, muongozaji wa Agra aliyesajiliwa dereva awasiliane naye awasubiri kwenye maegesho ya Shilpgram, upande wa geti la mashariki.

Kutembea: magari ya mafuta hayasogei karibu na Taj, ni kwa ajili ya moshi usiharibu marumaru, kwa hiyo toka maegesho kama kilomita moja mnapanda vigari vya umeme. Getini mnakaguliwa, foleni ya wanawake na wanaume tofauti. Begi kubwa, chakula, sigara, kiberiti, stendi ya kamera vyote acheni kwenye gari. Baada ya hapo ni tambarare, bustani ndefu ya mita kama 300, mabenchi yapo. Ngazi ziko za kupandia jukwaa la kaburi, hapo ndipo magoti yatasema. Viti vya magurudumu huwa vinapatikana, mwambie muongozaji mapema.

Fatehpur Sikri wakikushawishi kataa, ni kilomita 37 hivi nyingine mbele, mji wa mfalme Akbar aliouanza 1571, ule lango lake kubwa Buland Darwaza lina ngazi mpaka kijana anahema. Ngome ya Agra mwendo wake mrefu lakini ina kipande kimoja cha kumwonyesha mama, ule mnara wa pembe nane ambako Shah Jahan, mfalme aliyeijenga Taj, alifungiwa na mwanawe Aurangzeb toka 1658 mpaka anakufa 1666, akawa anaitazama Taj kwa dirishani. Akichoka na hiyo iacheni, nendeni kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah, padogo, pametulia, malkia Nur Jahan alimjengea baba yake miaka michache kabla ya Taj na nakshi zake binafsi naona zinaishinda. Wengi watanipinga.

mpenda_reli
Nakupinga lakini siyo leo.

wanjiku_wa_mtaa
Tupatie feedback msichana usipotee.

mwana_wa_mwisho
Mrejesho wakuu. Tulienda jana Alhamisi, gari na dereva tu kutoka Delhi, tuliondoka saa 1 asubuhi na ukungu ulikuwepo wa kutosha, dereva mzee mmoja mpole anaendesha mwendo wa harusi taa za hazadi zinawaka, sikumlaumu. Tozo na kodi ya jimbo alizionyesha kabla kwenye karatasi. Agra tulifika saa 5 na dakika 20.

Muongozaji tulimkuta Shilpgram, kitambulisho shingoni, nikamwambia la duka pale pale kabla hajasalimia vizuri, akacheka akasema sawa. Mtu wa maana sana. Alimpa mama ile chupa ya maji na soksi za kuvalia juu ya viatu ambazo zinakuja na tiketi ya mgeni, akamshika mkono ngazini. Akamwonyesha yale maandishi ya Qurani yanayozunguka mlango mkubwa, kwamba herufi za juu ni kubwa kuliko za chini ili ukiwa chini uzione zote sawa, na mama ambaye macho yake yametoka kufunguliwa wiki iliyopita alisimama pale anasoma aya kwa sauti, watu wanatupita. Mule ndani giza, picha hairuhusiwi, jamaa akatoa tochi ndogo akaigusisha kwenye ua moja la jiwe jekundu ukutani, likawaka kama kaa la moto. Mama akaomba aguse tochi mwenyewe. Akagusa maua sita saba nikaona aibu kwa waliokuwa nyuma yetu.

Alikuwa hajui kama ni kaburi, aliamini ni nyumba ya mfalme. Akaelezwa kwamba Mumtaz, mke wa Shah Jahan, alifariki 1631 akijifungua mtoto wa 14, ndipo mumewe akaanza kujenga mwaka uliofuata. Akanyamaza. Tumetoka mpaka kwenye benchi, amekaa anajikanda goti, ndiyo ananiambia, "kumi na nne. Angemwacha apumzike ingetosha, haya majiwe ya nini."

Ngome tuliruka, goti lilikataa. Delhi saa 2 usiku.

bibi_harusi_wa_zamani
Mama kasema kweli tupu. Dukani je?

mwana_wa_mwisho
Hatukwenda. Mama amenuna, alitaka sahani.

Kigoda3
Kuna mtu hapa ana ya kuuza.

mpita_njia
Naomba namba ya huyo dereva mzee, tunakuja mwezi wa tatu watu wanne.

mwana_wa_mwisho
Njoo inbox. Ila mwezi wa tatu ukungu haupo, mkiwa hamna mgonjwa pandeni treni.