Homa ipo, kipimo cha malaria kinasema hakuna: tuamini kipi?

Mzazi_Geita
Wakuu, naomba mnisaidie kufikiri. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria. Wapo wanaosema vipimo hivi ni vya uongo, apewe dawa mseto tu. Wengine wanasema kipimo kikishasema, mjadala umekwisha. Tena kuna maabara za mitaani ambako karibu kila anayeingia hutoka na "wadudu wawili na taifodi". Asiye daktari ajuaje lini aamini na lini atilie shaka?

Fundi_Maabara
Mkuu, anza na namna kilivyofanyika. Vingi vinataka mikrolita 5 za damu, ambalo ni tone dogo sana, na matone ya bafa (kimiminika maalumu kinachokuja na kipimo) kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya boksi. Damu ikizidi, dirisha hubaki jekundu na mstari hafifu hauonekani. Bafa ikiisha mtu akaweka maji, mstari wa T, ule unaosema "anayo", unaweza kutokea bila kimelea hata kimoja. Muda nao: kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Foleni ikiwa ndefu watu husoma mapema, au hukirudia baada ya saa nzima, na yote mawili yanapotosha. Mstari wa C, ule unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea hakuna jibu, hata T ikikolea vipi.

Hayo yakiwa sawa, "hana" ni jibu zito. Vipimo vizuri hunasa vimelea 200 kwa mikrolita, na mtoto anayeumwa malaria kwa kawaida anavyo vingi zaidi. Shaka ina nafasi kama alishapewa dawa ya malaria nyumbani au homa ndiyo kwanza imeanza.

"Anayo" nayo ina mpaka wake. Kipimo hakioni kimelea, kinanasa protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya kupona. Aliyetibiwa mwezi huu aangaliwe kwa hadubini. Eritrea vimelea visivyotoa protini hiyo vilienea hadi nchi ikabadili aina ya vipimo mwaka 2016, kwa hiyo shaka si ujinga. Ila iwe na sababu ya kutajika.

Hesabu_za_Afya
Naongeza jambo ambalo watu hulisahau: mahali. Chukua kipimo cha kufikirika kinachonasa wagonjwa 95 kati ya 100 na kuwaachia salama 95 kati ya 100 wasio na malaria. Pima watu 1,000 wenye homa.

Wakiwa na malaria 400 kati yao, kama inavyoweza kuwa kanda ya Ziwa msimu wa mvua, "anayo" zitakuwa 410, na 380 ni za kweli. Kati ya 590 walioambiwa hawana, 20 wanayo.

Wakiwa nayo 10 tu, "anayo" zitafika karibu 60, na 50 si za kweli! Kipimo ni kilekile, aliyekishika ni yuleyule. Ndiyo maana jibu moja la "anayo" likubalike haraka Geita na lirudiwe mahali penye malaria chache kama Unguja.

Tabibu_Kijijini
Kwenye taifodi ongeza shaka. Widali, kipimo cha damu cha taifodi, hupima kingamwili, na mwili hubaki nazo baada ya ugonjwa wa zamani, chanjo, au maambukizi ya salmonela nyingine. Widali moja peke yake, hasa ya kiwango cha chini kama 1:80, isikupeleke kwenye antibayotiki. Kuotesha damu maabara kuona kama bakteria watakua, kabla ya dawa, kuna uzito zaidi, ingawa nako hukosa baadhi ya wagonjwa.

Kwa maabara ya mtaani, uliza swali moja: wangapi leo wameambiwa hawana? Kama hakuna, jibu lao halitenganishi mgonjwa na mzima, kwa hiyo halikuongezei ujuzi wowote.

Mzazi_Geita
Asante sana. Homa ikiendelea je?

Tabibu_Kijijini
Mrudishe siku ya pili, apimwe upya na atafutiwe chanzo kingine: kifua, masikio, mkojo. "Hana malaria" haimaanishi haumwi. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akilegea au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, kipimo kiwe kimesema nini.